Kutunza Kaunta ya Itale Jikoni: Mwongozo kwa Kaya za Ladywood

Itale, ambalo wengi hulitaja kwa jina la granaiti, ni jiwe la jamii ile ile ya majabali ya Mwanza. Ni gumu, lakini lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mafuta, manjano au damu ya nyama ikiachwa juu yake hupenya na kuacha doa. Ndiyo sababu kaunta hupakwa dawa ya kuziba vitundu hivyo, nayo huchakaa taratibu. Kupima ni rahisi: matone machache ya maji huachwa juu ya jiwe kwa dakika 10 hivi. Jiwe likiiva weusi mahali hapo, limehitaji kupakwa upya. Mpangaji amwarifu mwenye nyumba kwanza.

Kwa usafi wa kila siku yatosha maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo ya vyombo na kitambaa laini, kisha kukausha. Siki, ndimu na ukwaju hudhoofisha kinga ya jiwe. Tena siki haina kazi kubwa Birmingham: maji ya jiji hili, yanayoletwa kutoka bonde la Elan huko Wales tangu 1904, ni laini, wala hayaachi ukoko mweupe mwingi kama ya London.

Hatari iliyo kubwa kuliko doa ni kuchanganya siki na dawa ya klorini ambayo wengi huiita jiki. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayounguza macho na mapafu, na jikoni dogo lenye madirisha yaliyofungwa kwa sababu ya baridi hujaa upesi. Ikitokea, wote watoke nje penye hewa safi, watoto kwanza. Anayepumua kwa shida aitiwe msaada kwa 999. Kwa ushauri hupigwa 111, na mkalimani wa Kiswahili aweza kuombwa.

Kuku mbichi asioshwe, kwani maji hurusha bakteria wa kampilobakta hadi kwenye kaunta. Akatwe juu ya ubao. Kaunta isafishwe kwa sabuni kwanza, ndipo ipakwe dawa ya kuua vijidudu yenye alama BS EN 1276 au BS EN 13697, inayofaa mawe asilia, na iachwe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Dawa iliyopakwa juu ya uchafu haifanyi kazi. Panaposukumwa chapati bila ubao, pasuuzwe kwa maji safi kabla ya kunyunyiza unga.