Simba wa Dar es Salaam, Simba wa Kisangani

Kiswahili husema «jina la utani», na utani huhitaji watu wawili: anayetania na anayekubali kutaniwa. Dar es Salaam, Simba na Yanga huitwa watani wa jadi. Klabu ya Sunderland ilipoitwa Simba mwaka 1971, mtani wake alikuwa tayari yupo.

Hapa Kisangani neno hilo lina historia nyingine. Agosti 1964, waasi walioitwa Simba waliuteka mji huu, wakati huo ukiitwa Stanleyville. Mobutu alipoanguka mwaka 1997, timu ya taifa iliacha jina la Chui, ikaitwa Simba.

Mapema 2006, wakati wa Kombe la Afrika huko Misri, nilikuwa mtoto nikipiga kelele uani: «Simba! Simba!» Koko, mama ya baba yangu, aliniambia ninyamaze. Mimi nilitaja mpira. Yeye alisikia 1964. Baadaye timu ilirudia jina la Chui.

Kamusi hutoa maana, lakini ruhusa ya kutania hutolewa na msikilizaji. Tunapokusanya majina ya timu, tuulize pia: nani hacheki, na kwa nini?