KWA NINI MTUMISHI HODARI HAMWACHI BWANA MWOVU?

Mtoto mmoja wa darasa la sita aliniuliza: «Mwalimu, katika hadithi bwana mwovu ana watumishi wenye nguvu nyingi. Mbona hawaungani kumwangusha?» Swali hili lastahili jibu, maana halihusu hadithi tu.

Mwandishi Mwingereza J.R.R. Tolkien, katika kitabu kilichotolewa miaka ya 1954 na 1955, asimulia habari za wakuu tisa. Sauron, bwana wa giza, aliwapa pete. Kwa pete hizo walipata nguvu na mali; lakini kidogo kidogo hiari yao ikawatoka, hata wakawa kama vivuli, wasitake ila alitakalo yeye. Hawakufungwa kwa mnyororo; walifungwa kwa zawadi.

Sasa tutazame jambo lililotukia kweli katika nchi yetu ya Kongo. Ngongo Lutete alitekwa utumwani akingali kijana. Kwa ushujaa wake alipata uhuru, akawa jemadari wa Tippu Tip, mfanyabiashara mkuu wa pembe na watumwa. Alikaa Ngandu, kando ya mto Lomami, akiogopwa na wengi. Mbona hakujitenga mapema? Tufikiri. Bunduki na baruti zilitoka kwa bwana wake. Cheo chake pia. Tena watu wa vijiji alivyoviteka walimchukia yeye mwenyewe. Kama angaliondoka, angalikimbilia kwa nani? Basi kamba ya utumishi huo ina nyuzi tatu: zawadi, hofu, na hatia.

Baadaye Tippu Tip alirudi Unguja. Mwaka 1892 Ngongo alishindwa na askari wa Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II, akajiunga nao, akapigana na Sefu, mwana wa bwana wake wa zamani. Je, alipata uhuru? La, alibadili bwana tu. Tarehe 15 Septemba 1893 maofisa wa Dola hiyo hiyo walimwua kwa risasi pale Ngandu, wakimshtaki uhaini kwa ushahidi dhaifu. Wengi wa watu wake walitiwa katika jeshi huko Luluabourg, ndiyo Kananga ya leo. Mwaka 1895 wakaasi, na kifo chake kilikuwa sababu moja ya uasi huo.

Twajifunza nini? Nguvu ya kuazimwa humfunga aliyeiazima. Atakaye kuwa huru na akatae siku ile ya kwanza, anapopewa zawadi ili amdhulumu mwenzake. Na aliyekwisha kutenda? Njia haijafungwa. Akiri kosa, arudishe alichonyang'anya, awaombe radhi aliowadhulumu. Asitafute bwana mwingine wa kumficha.

MASWALI
1. Nyuzi tatu za kamba ni zipi?
2. Ngongo Lutete alipobadili bwana, ni uzi upi uliobaki?
3. Je, wewe umepokea zawadi gani ambayo yakuzuia kusema kweli?