Msalaba wako anaubeba binti yako

*Shangazi, mimi ni mwalimu hapa Kitale, kifungua mimba wa familia ya kanisa la Friends (Quaker) kule Bungoma. Mdogo wangu wa kiume, miaka 34, hubeti na kukopa, nami hulipa. Mama husema huo ndio msalaba wangu. Mwezi huu niliokoa pikipiki yake isichukuliwe, binti yangu wa Kidato cha Tatu akakaa nyumbani wiki mbili kwa karo. Nimechoka, lakini naogopa kumkosea Mungu. Nifanye nini?*

Mwalimu, binti yako umempitia mbio, kama mtu aliyetaja mvua. Mimi nimekwama hapo hapo.

Injili ya Marko inamtaja Simoni wa Kirene, aliyekuwa akijitokea shamba, askari wakamshika na kumlazimisha kuubeba msalaba wa Yesu. Nyumbani mwako Simoni ni mtoto wa sekondari. Na askari ni nani, mwalimu?

Nyinyi Friends, tangu misheni ya Kaimosi ya 1902, hambatizi kwa maji wala hamgawi mkate na divai. Mmelelewa kutafuta imani katika mwenendo wa mtu. Inakuwaje basi kwenu msalaba umegeuka stakabadhi ya mkopo? Warumi waliwasulubisha watumwa na waasi. Yesu aliufikia msalaba kwa maneno aliyokataa kuyafuta, na Yohana anasisitiza kwamba aliutoa uhai wake kwa hiari. Wewe hujatoa kwa hiari hata shilingi: unalipa kwa kuogopa simu ya mama. Deni la kubeti lina mwenyewe, naye ana miaka 34.

Utasema upendo huvumilia. Soma tena Luka 15. Yule baba alimpenda mwanawe mpotevu, lakini hakumtumia pesa kule ugenini. Kijana alizingatia moyoni njaa ilipombana, wakati hakuna aliyempa kitu. Aliporudi, akakuta baba anamkimbilia. Kila ukilipa, unamwondolea mdogo wako sababu ya kurudi.

Kikao cha wazee kiitishwe, na mchungaji azungumze na mdogo wako, sina neno.

Ila mshahara ukiingia, karo itangulie. Mama akipiga simu, mwambie kwa heshima kwamba hulipi tena, kisha unyamaze; usijitetee. Pikipiki ikichukuliwa, ichukuliwe. Na leo jioni mwombe binti yako radhi.