Kufunga kipoza joto cha prosesa kwenye seva

Mafundi wakikutana juu ya seva iliyofunguliwa, ubishi hauchelewi kufika kwenye pesti ya joto: ipi ni bora, iwekwe tone moja au msalaba. Mimi naona pesti inapewa heshima kuliko kazi yake. Seva nyingi nilizoletewa zikichemka baada ya kubadilishiwa prosesa zilikuwa na pesti ya kutosha. Kilichokosekana ni mgandamizo ulio sawa pande zote, au njia ya hewa. Basi nitaeleza ninavyofunga, na nitakaa zaidi kwenye hayo mawili.

Nichukue seva ya 2U yenye prosesa mbili za Xeon E5-2680 v4 kwenye soketi ya LGA 2011-3. Ni kizazi cha mwaka 2016, na kwenye seva za mtumba bado nakutana nazo kila mara. Kila prosesa ina viini 14 na imepangiwa joto la wati 120.

Kabla ya kulipia kipoza joto, pima matundu ya skrubu kwenye bodi. Soketi hii ina fremu za aina mbili: ya mraba, yenye nafasi ya milimita 80 kwa 80 kati ya skrubu, na nyembamba, yenye 56 kwa 94. Prosesa ni ileile, ila kipoza joto cha fremu moja hakifungiki kwenye nyingine. Muuzaji akikuhakikishia kwamba kinaingia kwenye 2011 zote, toa rula. Angalia na kimo pia, maana kipoza joto kifupi cha seva ya 1U kikiwekwa ndani ya 2U, hewa nyingi itapita juu yake bila kukigusa.

Zima seva, chomoa nyaya zote za umeme (nyingi zina pawasaplai mbili), kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Vaa kamba ya mkononi ya umeme tuli na uiunganishe na kasha la chuma la seva. Kipoza joto cha zamani kikiwa na uvuguvugu hutoka kwa urahisi. Legeza skrubu kwa kukingama, kizungushe kidogo kushoto na kulia, kisha kinyanyue. Usikivute kwa nguvu.

Futa pesti kuukuu kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Ya duka la dawa ya asilimia 70 inasafisha pia, lakini ina maji, hivyo iache ikauke kabisa.

Sasa pesti yenyewe. Uso wa prosesa na uso wa kipoza joto vinaonekana laini, lakini vikikutanishwa hubaki vijinafasi vyenye hewa, na hewa hupitisha joto vibaya mno. Kwa kipimo cha wati kwa mita kwa kelvini, hewa ni karibu 0.026, shaba ni karibu 400, na pesti nzuri ni namba chache tu. Maana yake pesti ni bora mara nyingi kuliko hewa, na ni duni mara nyingi kuliko shaba. Iwe ya kujaza vijinafasi hivyo, basi. Ukiifanya nene unaweka kizuizi kati ya metali mbili. Mimi huweka tone la milimita tano hivi katikati na madogo manne kuelekea pembe, kisha naacha mgandamizo uitandaze. Kipoza joto kipya kikija na pesti ya kiwandani, usiongeze kitu.

Geuza mapezi yafuate njia ya hewa, kutoka mbele ya seva kwenda nyuma. Kishushe wima, skrubu zikiwa zimelenga matundu yake. Kikishagusa prosesa usikinyanyue tena kuchungulia. Ukikinyanyua, hewa inaingia ndani ya pesti, na itabidi ufute uanze upya.

Kwenye skrubu ndipo ninapoomba subira. Zishikishe zote nne kwanza, mizunguko miwili mitatu kila moja, halafu kaza kwa kukingama, kidogo kidogo, kama fundi anavyokaza nati za tairi. Skrubu hizi zina springi na mwisho wake, zikifika zinagoma. Springi ndiyo inayopanga mgandamizo, nguvu ya mkono wako haihitajiki. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho kabla ya mwingine, kipoza joto kinalala upande. Joto linapanda, na kuna dalili nyingine ambayo wengi hawaihusishi na kazi hii: pini ziko ndani ya soketi, na prosesa isipokandamizwa sawasawa baadhi hazigusi vizuri, hivyo chaneli nzima ya RAM inaweza kupotea. Kabla ya kununua RAM mpya, legeza ufunge upya.

Kwenye LGA 3647, soketi ya Xeon Scalable za 2017, prosesa hubanwa kwanza kwenye kipoza joto, kisha vyote vinashushwa pamoja. Hapo tumia bisibisi ya Torx T30, fuata namba zilizochapwa juu ya kipoza joto, na usizidishe nyutoni mita 1.35.

Halafu hewa. Kipoza joto cha seva ya rafu kwa kawaida hakina feni yake. Kinategemea feni zilizopangwa mbele yake na kava la plastiki linaloielekeza hewa kwenye mapezi. Nimeona kava hilo limetupwa kwa sababu linazuia nyaya! Lirudishe, na uzibe nafasi tupu za diski kwa vizibo vyake. Funga na mfuniko wa juu kabla ya kupima.

Kupima, naendesha stress-ng, programu ya kuipa prosesa mzigo, kwa nusu saa huku nikisoma joto kwa ipmitool. Prosesa mbili zilizokaa sambamba zinapaswa kukaribiana. Zikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 10, nafungua iliyo moto zaidi.

Mwisho, chumba. ASHRAE, chama cha wahandisi wa upoozaji na viyoyozi, inapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe nyuzi 18 hadi 27 za Selsiasi. Seva nyingi zinaruhusiwa hadi 35, lakini kikomo hicho hushuka kwa nyuzi 1 kwa kila mita 300 juu ya mita 950 hivi, kwa kuwa hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,700, inabaki na 32 hivi. Dar es Salaam ina 35 zake kamili, ila kiyoyozi kikizimwa usiku wa Januari chumba kidogo hakichelewi kuzifikia. Tafadhali usimkabidhi mteja seva ambayo hujaipima ikiwa na mzigo, ndani ya chumba itakamokaa.