Kutoka Ngerengere hadi Uluguru kwa pikipiki

SWALI: Naishi Ngerengere, nina pikipiki ya cc 150. Nataka kuizunguka Milima ya Uluguru kwa siku chache bila kutumia pesa nyingi. Nipite wapi, na lini?

JIBU: Subiri masika yaishe, uondoke Juni au baadaye. Machi hadi Mei njia za milimani huteleza hata kwa mwenyeji. Tokea Ubena Zomozi, shika barabara kuu ya Morogoro, na ukifika Bigwa kata kushoto ufuate njia ya Kisaki. Usiharakie mjini. Upande huu wa mashariki, wa Kinole, Mkuyuni na Matombo, naupenda kuliko mwingine wowote: ndizi, karafuu na pilipili manga hadi kwenye miteremko mikali. Kula kwa mama lishe, lala gesti, na bei uliza kabla ya kushusha mzigo.

Jaza tangi kabla ya kuacha barabara kuu. Beba tyubu, pampu, plagi na kebo ya klachi. Kwenye mteremko mrefu weka gia ya pili, injini ishike mwendo. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kulegea. Helmeti usiivue hata kwa safari ya jirani.

Kilele cha Lupanga katika milima hiyo, mita 2,138, kinapandwa kwa miguu. Acha pikipiki Morogoro mahali penye mlinzi, lipa kiingilio cha hifadhi kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na uchukue mwongozaji.

Ukibakiwa na siku, pitia Sangasanga uende Mgeta ukaone matuta ya mboga. Chukua jaketi zito. Usiku kule ni baridi kweli.