Turnesoli pa nyumba: tuanzie ku mavuno

Ndugu wakulima, somo la leo ni juu ya alizeti, ile wengi wetu tunaita turnesoli. Katika vijiji vya Kivu tunaiona kando ya nyumba nyingi, mashina matatu ao ine, na kila mutu anaisifu juu ya maua yake. Lakini uliza mwenye nyumba: mwaka jana mulikula mbegu kiasi gani? Atacheka. Ndege walikula, na zenye zilibaki zilioza. Kuipanda si kazi. Kazi iko katika majuma matatu ya mwisho, na ndiyo sababu tunaanzia huko.

Turnesoli inakomaa kwa miezi mitatu mpaka mine na kidogo, kufuatana na aina ya mbegu. Pa milima, kwenye baridi, inakawia. Ukipanda mwezi wa 9 pamoja na maharagi ya sezoni A, vichwa vinakomaa mwezi wa 12 ao wa 1, wakati mvua ingali inanyesha. Kichwa kilichoinama kiko kama sahani iliyogeuzwa: maji yanakaa nyuma yake, na kinaoza. Ukipanda mwanzo wa mwezi wa 3, kitakomaa mwezi wa 6 ao wa 7, na kiangazi kimekwisha kufika. Kwa mbegu za kula tunashauri sezoni B. Mwenye kupanda sezoni A atayarishe kwanza mahali pa kukaushia chini ya paa.

Lima udongo vizuri, maana muzizi unashuka sana. Tia mbegu mbili katika kila shimo, kina cha sentimeta 3 hivi. Acha sentimeta 30 kati ya mashimo na 75 kati ya mistari. Zikiota, ng'oa ile dhaifu. Panda pembeni ya lupango, kivuli kisifunike mboga. Tena usipande mahali maharagi yalioza kwa kuvu nyeupe, juu ugonjwa huo unashika turnesoli vilevile na unakaa katika udongo miaka mingi. Maua yakifunguka, usipulize dawa: ukiua nyuki, utapata maganda matupu.

Kuna jambo moja tunaandika kwa ukali. Mbegu zenye kupakwa rangi nyekundu, kijani ao bluu ziko na dawa ya sumu. Ni za kupanda tu. Hata ukizisafisha na maji mara kumi, usizikaange, usimpe mutoto, usiwatupie kuku, na mufuko wake usiutilie unga. Tunajua njaa ya wakati wa kupanda iko namna gani. Hata hivyo, hapana.

Maua ya manjano yakianza kunyauka na kuanguka, funika kichwa na kitambaa chepesi ao mufuko wa wavu wa vitunguu, uufunge ku shingo. Sasheti ya plastiki haifai: inatoa jasho ndani, kisha kuvu inaingia. Halafu angalia mugongo wa kichwa, usiangalie uso. Ukiwa kijani, ngoja. Ukigeuka manjano na kuanza kuwa kahawia, na mbegu ikitoka kwa kusukumwa na kidole, kata pamoja na kipande cha shina, utundike kichwa chini pahali pa upepo, mbali na panya.

Kisha juma moja ao mawili, sugua vichwa viwili kimoja juu ya kingine, mbegu zitaanguka. Pepeta ku lungo, anika juu ya bashi siku kadhaa, na kila mangaribi uingize ndani. Kujua kama zimekauka, menya moja uume: kiini kikivunjika, ni tayari, kikipindika, rudisha ku jua. Zenye kuvu ao harufu mbaya, tupa. Moto wa kukaanga haumalizi sumu ya kuvu.

Kwa kula, lowesha usiku kucha katika maji ya chumvi, chuja, kausha, kisha kaanga ku moto mudogo huku ukikoroga. Viini vilivyotwangwa vinaingia vizuri katika sombe pahali pa karanga, ao katika uji wa mutoto. Karibu nusu ya kiini ni mafuta, na sehemu moja ya tano hivi ni protini. Pa nyumba penye kula bugali ya muhogo kila siku, na bwaki inajulikana, hiyo si kitu kidogo. Watoto wadogo usiwape mbegu nzima, inaweza kuwakaba. Watwangie.

Mbegu za kupanda tena, chukua ku vichwa vikubwa vya mashina mengi yenye afya, uzichanganye. Kama mufuko uliandikwa ibridi, watoto hawatafanana na mama. Chagua vichwa hivyo mbele ya kuwasha moto wa kukaanga, juu harufu ikisha kutoka, hakuna atakayekumbuka.