Jumba la Fahari na Nyumba ya Haja: Ghorofa katika Kisii na Nyamira

Makala haya yanachunguza iwapo majengo marefu ya kuvunja rekodi ni kitega uchumi au ni majivuno. Lugha yenyewe inatoa mlango wa kuingilia. Nyumba ikitiwa katika hali ya ukubwa huwa jumba, na ukubwa huo, kama wanafunzi wa mofolojia wajuavyo, huweza kusifu au kukejeli.

Ekegusii nayo ina enyomba, neno lenye asili moja na nyumba, ambalo humaanisha pia mama na watoto wake, yaani tawi la ukoo lenye sehemu yake ya ardhi. Sehemu hiyo hugawiwa wana, kisha wajukuu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba. Nyamira ilikuwa na 605,576, zaidi ya 600 kwa kilomita. Shamba la chai na migomba haliwezi kumegwa daima ili kupisha vyumba vya kupanga. Kwa hiyo anayepandisha ghorofa nne au tano mjini Kisii, au Keroka ambako kaunti hizi hupakana, hatafuti rekodi. Anaokoa shamba.

Rekodi ina hesabu nyingine. Kadiri jengo linavyorefuka, ndivyo lifti na nguzo zinavyokula nafasi ya kupangisha. Mwaka 1930 Clark na Kingston walikokotoa kwamba kiwanja kimoja cha New York kingeleta faida kubwa zaidi kwa ghorofa 63. Mwaka uliofuata, katika kiwanja kingine cha jiji hilo, Empire State ilifunguliwa na ghorofa 102, ikakaa miaka mingi bila wapangaji wa kutosha. Nairobi, jengo la Pinnacle lililonuiwa kupita mita 300 na kuwa refu kuliko yote Afrika lilizinduliwa mwaka 2017, kisha kazi ikakwama. Hilo ni jumba kwa maana ya kejeli.

Hata hivyo, haja haihalalishi kila ghorofa. Jengo la ghorofa sita lililoporomoka Huruma, Nairobi, Aprili 2016 na kuua watu zaidi ya 40 lilikuwa makao ya wapangaji wa kawaida, si mnara wa fahari. Katika miteremko ya Gusii yenye mvua nyingi, mkaguzi anapaswa kuuliza habari za udongo na vyuma kabla ya kuhesabu ghorofa.